Lori Lililokuwa Walikale na Kijitoni kwa Saa Ile Ile

Andika kwanza kwamba baba yangu alizaliwa juu ya vilima vya Masisi, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huwafunika ng'ombe hadi masikioni, na kwamba mama yangu alizaliwa katika msitu wa Walikale, upande wa Hombo, katika ukoo wa wawindaji. Majina yao unayajua na hutayaandika, kama ambavyo hutaandika jina la mtu yeyote hapa, kwa sababu wengi nitakaowataja wangali hai, na mmoja wao ni wewe mwenyewe. Mimi sikusoma. Shule ya kwanza kwenye kilima chetu ilijengwa nikiwa tayari na mtoto mgongoni. Kwa hiyo mimi nitasema na wewe utaandika, na utaziandika hata zile sehemu zinazokuhusu, bila kuzipunguza.

Ulipomaliza masomo yako ya kompyuta kule Goma, ulirudi nyumbani na mashine moja inayofunguka kama kitabu cha nyimbo, na kwa majuma ya kwanza kazi yako ilikuwa kutafuta mahali penye mtandao: juu ya paa la jiko, kwenye mti wa parachichi, nyuma ya kanisa wakati wa mahubiri. Nilidhani masomo yamekuharibu. Kisha ukaja na lile jambo la malori.

Msomaji ambaye si wa huku aelewe kwamba barabara inayotoka Sake, ikapita kwetu na kuteremka hadi Walikale, ni barabara kwa jina tu. Malori ya kampuni moja ya usafirishaji huteremka yakiwa na sabuni na chumvi, hupanda yakiwa na mafuta ya mawese na ndizi, na yanapopita kwetu huchukua kabichi, viazi, na fromaji, yaani jibini, tunazotengeneza kwa maziwa ya ng'ombe wetu. Lakini lori laweza kulala katika matope mahali ambapo hakuna ajuaye. Basi sisi wanawake tulikuwa tukishuka barabarani alfajiri na kukaa juu ya mizigo yetu mpaka jioni, tukiteta watu wote tunaowafahamu, na walipokwisha tunaanza upya.

Kampuni ile ilikuwa imeweka ndani ya kila lori kidude kinachosema lori liko wapi, ili mkubwa wao wa Goma amwone dereva anapolala. Ukurasa wao wa intaneti ulikuwa ukiuliza swali mahali fulani, na mahali hapo palikuwa pakijibu. Wewe ulikaa ukasikiliza jinsi swali hilo linavyoulizwa, kama mtu anayemsikiliza jirani akiita kuku wake, kisha nawe ukaanza kuita vile vile. Kuku wakaja. Ukatengeneza programu ya simu ambayo ndani yake kila lori lilikuwa picha ndogo inayotembea juu ya mstari, na chini yake neno SASA, na kwa ajili yangu nisiyesoma ukachora kanisa letu, kijito chetu, soko la Masisi na miti ya Walikale.

"Uliomba kwa nani?" nikakuuliza.

"Koko, mulango ulikuwa wazi." Koko ndivyo wajukuu wanavyotuita wazee huku, wa kike na wa kiume.

"Sikuuliza mulango. Nimeuliza mwenye nyumba."

"Hakuna fasi yoyote walikataza." Fasi kwetu ni mahali.

"Na kuna fasi walikuambia karibu?"

Ukakuna kichwa. "Hakuna maandishi juu ya ule mulango, Koko. Ao ya kukataza, ao ya kukaribisha. Unaingia, unaangalia, njo unajua."

Nilikuwa nimekusudia kuendelea kukukaripia kwa siku kadhaa. Lakini kesho yake nilibaki nyumbani nikinywa uji wangu, nikitazama picha ya lori, na lilipofika karibu na kanisa nikajitwika kikapu changu nikashuka. Wanawake wenzangu walikuwa wamekaa pale tangu alfajiri, magauni yakiwa yameloa umande. Mimi nilifika mkavu. Nilifika pamoja na lori, kama mke wa gavana, na nilitembea polepole kwa makusudi. Baada ya hapo sikuuliza tena habari za mwenye nyumba, na kabla ya mavuno ya maharagwe kilima kizima kilikuwa na programu yako.

Andika sasa habari ya jangwa. Usitabasamu, andika.

Asubuhi moja ulitoka chumbani na uso kama wa mtu aliyemeza jiwe.

"Malori iko wapi?" nikakuuliza.

"Koko, iko Algeria."

Ulinieleza, na nilielewa vizuri kuliko ulivyotarajia. Mahali pa kila lori husemwa kwa namba mbili, moja ya kaskazini na kusini, nyingine ya mashariki na magharibi. Kampuni, kwa sababu zake yenyewe, ilikuwa imeamua kuzitoa kwa mpangilio mwingine, ya pili ikitangulia ya kwanza. Watu wao waliambiwa. Wewe hukuambiwa, kwa kuwa hawakujua kwamba upo. Programu yako ikaendelea kusoma kama ilivyozoea, ikaokota malori yote ya Masisi na kuyatupa katika mchanga wa kaskazini.

Barabarani wanawake walikuwa wamekwisha kuona.

"Kabichi yangu imevuka inchi zote hizo bila pasipoti," alisema jirani yetu mmoja, "na miye mwenye kuilima sijafika hata Goma."

"Fromaji njo ninasikilia huruma," akajibu mwenzake. "Kule jua iko kali. Itafika maziwa."

"Muulize mutoto wa Koko kama dereva anarudi na tende."

Ulitengeneza kabla ya chakula cha mchana, na ulijivuna jioni nzima. Lakini nataka msomaji aone jambo hili: kosa lile lilikuwa na adabu. Lilijitangaza lenyewe, kila mtu akaliona na kucheka. Lililofuata halikuwa na adabu hata kidogo.

Wakati huo dada yako mkubwa alikuwa anangoja mahari yake. Mchumba wake ni mtoto wa Walikale, mfanyabiashara wa mawese, na siku yao ilikuwa imeahirishwa kila mara barabara ilipofungwa na vita, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Alikuwa amengoja hata wenzake aliopokea nao kipaimara walikuwa na watoto wanaotembea. Na kiongozi wa wageni watakaoleta mahari alikuwa babu wa mchumba, mwindaji mzee, mrefu, mwenye sauti ya taratibu, ambaye alikuwa amekwisha kusema mbele ya watu kwamba watu wa milima humsalimu mgeni baada ya kutazama alichobeba.

Katika nyumba yetu wageni wa mahari hawapandi kilima peke yao. Wanapokelewa na wanawake wa nyumba kwenye kijito kilicho chini, kwa wimbo, ndipo wanapanda. Wasipomkuta mtu, wanakaa juu ya mawe. Na kivuli cha kilima kikifunika maji wakiwa bado wamekaa, wanasimama na kurudi na mbuzi wao, na maneno yote ya posa yanaanzwa upya, kama yataanzwa. Yule mzee alituma ujumbe mapema kwamba yeye, umri wake ukiwa ule, hataanza upya kitu chochote. Dada yako aliusikia ujumbe huo akiwa nyuma ya mlango, na hakula siku hiyo.

Lakini desturi hiyo ina mchezo ndani yake, na mchezo huo ndio uliotuponza. Wageni wanaruhusiwa kudanganya. Wanaweza kutuma neno kwamba wamefika na huku wako mbali, ili wenyeji wakimbie bure na kuchekwa wakati wa chakula. Mama yako alipoolewa, wakwe zake walinishusha kilimani na wanawake wote, tumevaa vitenge vya sherehe, tukayaimbia mawe matupu. Tulipanda, wakatuita tena, tukashuka tena. Nilikuwa nimeapa kwamba hakuna mgeni atakayenishusha bure mara nyingine. Na sasa nilikuwa na simu.

Wageni walikuwa wanakuja kwa lori la kampuni ile, pamoja na mbuzi wao, na lori lile tulilijua kwa alama yake. Juma lile lile mwanamke anayekaanga ndizi kwenye kona ya barabara alikuja kulalamika kwamba lori limempita na mzigo wake uko chini, huku simu ikisema liko mbali. Tulimwambia hajui kuangalia. Yeye akasema lori si sindano, mtu hawezi kukosa kuliona likipita. Tulimwambia tena.

Siku yenyewe ilipofika, nilitazama simu asubuhi. Picha ya lori ilikuwa imesimama Walikale chini ya miti, na chini yake neno SASA. Sikushangaa, maana hakuna lori lililowahi kuondoka siku liliyoahidi. Nikawaambia wanawake wa kuimba waende kwanza mashambani. Nikawaacha kuku waendelee kuishi. Dada yako alikuwa chumbani, mahali ambapo bibi harusi hukaa siku hiyo bila kutoka, akisukwa nywele bila haraka.

Jua lilikuwa limepita utosi simu ilipolia.

"Bonjour, Mama," ilisema sauti ile ya taratibu. "Tumefika. Tuko kwa kijito yenu."

"Bonjour, Papa. Mumekuja na mabawa?"

"Na lori, Mama."

"Lori iko Walikale. Ninaiona na macho yangu. Iko inapakia mawese."

"Basi na miye niko Walikale. Na hii maji inalowesha suruali yangu njo maji ya Walikale. Iko baridi sana, Mama."

"Papa, miye ni mutoto wa mwanamuke wa kwenu. Mitego ya kwenu ninaijua."

"Kama unaijua ni muzuri. Tunakungojea."

Nikakata simu, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Hata hivyo mimi si mtu wa kuamini ovyo, na nilikuita.

"Uliza tena ile mashine yako."

Uliuliza. "Koko, iko Walikale."

"Imejibu lini?"

"Sasa hivi. Mbele ya macho yako."

Sikukulaumu kwa jibu hilo wakati ule, na sitaki kukulaumu sasa, lakini liandike kwa herufi kubwa kidogo. Mashine ilikuwa imejibu sasa hivi. Hakuna kati yetu aliyeuliza kama habari iliyoileta ilikuwa ya sasa hivi.

Simu ikalia tena, nikakata. Ikalia simu ya dada yako, nikatuma waniletee, nikaikalia. Jua likaendelea na safari yake. Kivuli cha kilima, ambacho kutoka uani kwetu huonekana kikitambaa juu ya mashamba ya chini, kikaanza kushuka. Ndipo mlango wa chumba ukafunguliwa na dada yako akatoka nje, jambo lisilofanywa, upande mmoja wa kichwa umesukwa na upande mwingine umesimama kama nyasi.

"Rudi ndani," nikamwambia.

"Koko, ule Papa ninamujua. Hachezi."

"Anacheza. Leo kazi yao ni kucheza."

"Angalia kivuli."

"Nimeangalia lori."

Akaja akasimama mbele yangu, na machozi hayakuwepo, maana yeye ni mjukuu wangu. Akasema taratibu: "Wakirudi, utaniozesha kwa nani, Koko? Kwa hii lori ya ndani ya simu?"

Wewe ulitazama miguu yako. Mimi nilitoa simu nilipokuwa nimeikalia, nikampigia mzee.

"Papa, kama uko pale unasema, ambia dereva apige honi."

"Ya Walikale ao ya hapa?"

"Apige tu."

Nikaweka simu sikioni. Honi ikalia katika sikio la kulia, nyembamba, kama mbu ndani ya chupa. Na kabla haijaisha, ikapanda kilima yenyewe, nene, ikaingia katika sikio la kushoto, na ng'ombe wa jirani wakainua vichwa. Nilitazama simu yako. Lori lilikuwa bado limesimama Walikale chini ya miti, limetulia kabisa.

Yaliyofuata yalikwenda mbio, na hutayapamba. Mliwaita wanawake kutoka mashambani kwa kelele. Walikuja na majembe, matope yakiwa magotini, mmoja akiwa na shada la majani ya maharagwe kichwani alilosahau kulitua. Dada yako alisukumwa ndani pamoja na msusi wake. Mimi nilishuka mbele. Viatu nilivyoondoka navyo na viatu nilivyofika navyo kijitoni havikuwa na idadi moja.

Mzee alikuwa amekaa juu ya jiwe, suruali imekunjwa, miguu majini. Nyuma yake walikuwa watu wake na mbuzi, na nyuma ya mbuzi lori, kubwa, jekundu, likitoa mvuke. Kivuli kilikuwa kimefika kwenye mawe ya ukingo wetu. Alitutazama sote, majembe na matope, kisha akasema kwa upole mkubwa:

"Karibuni Walikale."

Watu wake wakaangua kicheko mpaka mbuzi wakaogopa. Kisha akatoa simu mfukoni mwa koti lake, akaielekeza kwangu, na ndani yake nikaona kanisa letu, kijito chetu, soko na miti. Alikuwa na programu yako. Mchumba alikuwa amemwekea.

"Tangu jana hii lori inanitikisa mifupa," akasema, "na kwa simu iko imesimama. Niko ndani yake ninarushwa, na simu inaniambia niko nimesimama Walikale. Nikajiambia, ule Mama na yeye anaangalia hii. Njo nikaamua kukuambia ukweli mutupu. Uongo ungeweza kukushusha, Mama. Ukweli sikuwa na wasiwasi nao."

Nikatazama maji, nikasema: "Simama, Papa, kivuli kinafika."

"Nitasimama. Lakini hawa wamama wamechoka, hawana pumzi. Wewe uimbe. Peke yako. Tangu mwanzo."

Mimi sauti yangu inajulikana. Ni sauti ya kufukuza nyani. Nikaimba wimbo wa kupokea wageni peke yangu, nikiwa na kiatu kimoja, mbele ya ukoo mzima wa Walikale, na dereva akizima injini ili asikie vizuri. Alinyanyuka katika ubeti wa pili, taratibu, akijishika magoti. Kivuli kiligusa maji naye akiwa amesimama. Basi dada yako akaolewa. Kuku walichelewa, na wageni walikula wakilia kwa kucheka, na tangu siku ile kila mtu wa Walikale akinipigia simu huanza kwa kuniambia yuko wapi na kuniuliza kama nimekubali.

Ulikesha na mashine yako, na ulipomaliza ulikuja kunieleza bila kujitetea, jambo nililolipenda. Kila jibu lilikuwa limebeba ndani yake saa yake lenyewe, saa ambayo kidude kilimwona dereva. Wewe ulikuwa ukiitupa saa hiyo na kuweka ya simu, kwa sababu neno SASA lilikuwa zuri kutazama. Na tangu juma lile saa ya ndani ilikuwa ya jana.

Tulikwenda pamoja hadi Sake, kwenye ofisi ndogo ya kampuni karibu na njia panda. Mtu wa pale, kijana mnene mwenye kalamu mbili mfukoni, alikusikiliza, kisha akaegemea kiti.

"Kumbe ni weye," akasema. "Tulikuwa tunaona muntu anauliza, anauliza, usiku na muchana. Tukajua ni wezi wa barabara wanafuata mizigo."

"Si wezi," nikasema. "Ni kabichi."

"Mama, kutoka kwa meza yangu vyote vinafanana. Wakubwa wakasema, tukifunga mulango watatafuta mwingine. Kwa muntu hatumujui, tumupatie jibu ya jana. Atashukuru, ataenda kungojea fasi lori imekwisha kupita."

"Na wageni wangu wa mahari?"

"Hao, Mama, hatukuwajua."

Alisema bila ubaya. Hakutupa tulichokitaka. Hawawezi kumwonyesha kila mtu lori likiwa njiani, na nilipofikiria barabara yetu niliona ana haki. Alichotupa, baada ya kuzungumza na Goma, ni habari moja: lori likifika soko la Masisi, mashine yao itakuambia, kwa ruhusa iliyoandikwa na kupigwa muhuri, na wakitaka kubadilisha kitu watakupigia kwanza. Programu ikawa ndogo. Wanawake wakasema umeikata mkia. Waliendelea kuitumia.

Sasa nitakuambia vya kuhifadhi, na hivi ni vyako, si vya msomaji.

Ile karatasi yenye muhuri iweke katika kopo la kadi za ubatizo, juu ya kadi, maana ni changa kuliko zote na inasahaulika upesi. Saa ya kila jibu ihifadhi pamoja na jibu lenyewe, usizitenganishe tena hata kwa uzuri wa macho. Likiwa la zamani andika kwamba ni la zamani, na usipojua, acha simu iwe tupu, watu watatukana kidogo kisha watatoka nje kutazama barabara. Yule mwanamke wa ndizi kwenye kona, hifadhi namba yake pia, na umpelekee sabuni mara kwa mara, kwa kuwa yeye hana ukurasa wa intaneti lakini ana macho, na tulimkosea heshima, yaani wewe ulimkosea.

Na namba ya yule kijana wa Sake usiipoteze. Mpigie hata siku ambayo huna shida. Muulize mama yake anaendeleaje, maana aliniambia anaugua miguu. Siku atakapokaa mezani kwake kubadilisha kitu, nataka kabla hajagusa chochote akumbuke kwamba huku juu kuna mtu wa kuambiwa.